UZI: Mdogo wangu kapata 68, hajachaguliwa, siku ya tatu hali chakula. Tuliokosa kazi mara nyingi tuongee

#1 Binti wa Mwaloni

Wakuu habari za usiku. Niko nyumbani Kirumba, Mwanza, mama kashalala, mdogo wangu kajifungia chumba cha pili na najua yuko macho mana naona mwanga wa simu chini ya mlango. Juzi majina yalitoka. Alikuwa amefanya mtihani wa mchujo wa nafasi za serikali, kapata alama 68, na mbele ya namba yake pameandikwa hajachaguliwa. Waliochaguliwa wameanzia 74. Tangu juzi hiyo hajala chakula cha kueleweka, jana mama kamchemshia sato ambaye ndo anampenda kuliko kitu chochote, kamuacha vilevile kwenye sahani mpaka akapoa. Kaniambia neno moja tu, "dada, nadhani kuna kitu mimi sina."

Hilo neno ndo limenitoa usingizi nikaja kufungua huu uzi, kwa sababu nimelisema mimi mwenyewe kwa miaka mitatu na nusu. Nimesoma takwimu, nimemaliza chuo 2020, na toka mwezi wa kwanza wa kukaa mtaani nilikuwa na daftari, kila ombi nalipiga mstari: tarehe, nafasi ngapi, nimetuma nini, iliishia wapi. Mistari ipo 71. Nimeitwa 11. Nimefika mahojiano ya ana kwa ana mara 4. Nimepata 1, ndo ninayofanya sasa, mkataba wa mwaka mwaka. Kwaiyo nina kukosa 70, na naomba mnisikilize kidogo kuhusu kukosa, mana nimekukalia muda mrefu na nimekufanyia hesabu.

Tuanze na hesabu, msikimbie, siyo ngumu. Mwaka 2014 mwezi wa 6 Uhamiaji walifanya usaili pale Uwanja wa Taifa Dar, wenye umri wangu mnakumbuka zile picha, watu zaidi ya 10,000 wamekaa majukwaani kama wanasubiri mpira, na nafasi zilikuwa 70. Hapo hata ungekusanya watu 10,000 wote wazuri, wote wana vyeti na wote wamejiandaa, bado 9,900 na kitu wanarudi nyumbani. Mwaka 2025 TRA, wale wa mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596, maombi yakaingia 135,027. Gawanya uone, kiti kimoja kinagombewa na watu kama 85. Sasa wale 84 wakirudi makwao kila mmoja akikaa kitandani anawaza kuna kitu hana, wote 84 wanawaza uongo mmoja, mana kilichopungua pale ni viti.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo ndo ilinisaidia zaidi, hii sijawahi kuona mtu anaielezea mtaani. Chukua gunia, weka vijiwe 20, kimoja cheupe 19 vyeusi. Unachomoa kimoja bila kuangalia, unarudisha, unatikisa, unachomoa tena, mara 20. Watu wengi wanaamini ukishachomoa mara 20 lazima cheupe kitoke hata mara moja. Hapana. Watu 100 wakifanya hivyo, kama 36 watachomoa vyeusi tupu mara zote 20! Na hao 36 mikono yao haina tofauti yoyote na ya wale 64. Ukiendelea mpaka mara 40, wanabaki 13 hivi ambao bado hawajaona cheupe. Mara 60, wanabaki 5. Hao 5 wapo mtaani kwetu, tunawajua kwa majina, tunawaita wenye gundu, na wengine wameshapelekwa kwa waganga. Ni watu wa kawaida kabisa, ila walioangukia upande ule wa hesabu ambao lazima mtu fulani auangukie.

Alafu lingine, gunia halikumbuki. Kukosa mara 30 hakuifanyi ya 31 iwe zamu yako, na pia hakuifanyi iwe mbaya zaidi. Hili liliniuma mwanzoni mana nilikuwa naombea zamu yangu ifike, baadaye likanipumzisha.

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, nimekulia kwenye mwalo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sasa hivi nyingi ni za sola, na zinafanya kazi giza likiwa giza kweli. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaji kwenye taa, mwanga umejaa ziwa zima, kwaiyo siku hizo mitumbwi inaegeshwa nchi kavu, watu wanashona nyavu. Sijawahi hata siku moja kumsikia mjomba akisema kuna kitu yeye hana kwa sababu mwezi umejaa. Na sijawahi kumuona kalala siku hizo, anashona nyavu mpaka jioni. Na hata giza likiwepo kuna usiku anarudi na ndoo mbili tu, mafuta yameungua, vijana wanamwangalia usoni, anasema "leo ndo hivyo," anakunywa chai analala, jioni anarudi tena ziwani. Nilikuwa naona ni ugumu wa moyo. Kumbe anajua kutofautisha usiku mmoja na kazi yake yote.

Ninachoomba kwenu, mliokosa sana, niambieni nyie mlikuwa mnafanyaje. Kesho nataka nimsomee huyu kijana.

#2 Mkuryo

Pole kwa dogo. 68 siyo kufeli, mwambie nusu ya darasa haifiki hapo. Nafuatilia uzi

#3 Kaka wa Buhongwa

Dada umeandika vizuri lakini samahani ntasema ukweli, hayo mahesabu ya vijiwe yanafaa kama gunia ni la haki. Mtaani kila mtu anajua kazi ni koneksheni, vijiwe vyeupe vinatolewa gunia likiwa bado halijafunguliwa. Mimi nimefanya intavyuu kwenye kampuni moja hapahapa Mwanza, tunasubiri kwenye benchi akapita dada mmoja akapokelewa na "baba hajambo?" na ndo alieajiriwa. Sasa nichomoe nini hapo

#4 Binti wa Mwaloni

@Kaka wa Buhongwa sikubishii, na mimi nina mistari miwili kwenye daftari ambayo nina hakika nilienda kusindikiza. Lakini hebu tulifuate hilo wazo mpaka mwisho. Kama kiti kilishakuwa na mtu kabla hujafika, basi kukosa kwako kumesema nini kuhusu wewe? Hakuna kitu. Hata maswali yako hawakuyasikiliza. Kwaiyo koneksheni inaongeza sababu ya kutojilaumu, haipunguzi. Inachobadilisha ni wapi utumie nguvu. Mimi nilivyogundua hivyo nikaacha kufukuzia nafasi mojamoja za kwenye ofisi ndogo ambazo tangazo linabandikwa ijumaa mwisho jumatatu, nikahamia zile za watu wengi ambapo mchujo ni mtihani na karatasi ina namba badala ya jina. Wagombea ni wengi zaidi ndio, ila angalau gunia linatikiswa.

Na nikwambie kitu kuhusu hiyo koneksheni, nusu ya ninachoita koneksheni sasa hivi ni watu waliokuwa wanajua tu kwamba natafuta. Kazi niliyopata, tangazo nilitumiwa na dada tuliyekaa naye benchi moja kwenye usaili ambao wote wawili tulikosa. Tulipanda daladala moja kurudi mpaka Igoma tukabadilishana namba, miezi minne baadaye akaona tangazo linalonifaa mimi kuliko yeye, akanitumia.

Jingine ambalo sikulisema juu, vijiwe vyeupe unaweza kuongeza. Ukiwa na kimoja katika 20 ukachomoa mara 20, 36 kati ya 100 wanatoka kapa. Ukiwa na viwili katika 20, ukachomoa mara 10 tu, wanaotoka kapa ni 35. Karibu sawasawa kabisa! Yaani maombi 10 uliyokaa nayo, ukasoma tangazo mpaka chini, ukaandika barua ya nafasi ile ile, yana thamani ya 20 ya kubadilisha jina la ofisi na kutuma. Na yanakuchosha kidogo kuliko yale, na steshenari unalipa nusu. Mwaka wangu wa kwanza nilituma 40, nilikuwa najisifia wingi, nikaitwa mara 2.

#5 Mzee wa Nyegezi

Watoto wangu hamjambo. Mimi ni mstaafu, nilikuwa afisa utumishi, nimekaa upande ule wa meza miaka mingi. Taasisi sitazitaja. Huyu binti kasema mambo ya kweli niongeze ya kule ndani.

Kwanza wale wasioitwa kabisa. Wengi wenu mnadhani tumesoma tukawakataa. Ukweli mafaili mengi yanaanguka kabla hayajasomwa. Barua haina saini. Cheti hakijathibitishwa na mwanasheria. Majina kwenye cheti cha kidato cha nne ni mawili, kwenye kitambulisho cha NIDA ni matatu na mpangilio mwingine, hakuna hati ya kuthibitisha ni mtu yuleyule. Mtu kapandisha hati ya matokeo ya muda wakati tangazo limesema wazi haitapokelewa. Barua imeelekezwa kwa taasisi nyingine, hiyo nimeiona mara nyingi mpaka huruma. Kwaiyo kijana ukikaa kimya kimya mara 15 hujaitwa hata moja, usijichunguze nafsi, chunguza bahasha. Mpe mtu mwingine asome tangazo na karatasi zako kwa pamoja, wewe macho yako yameshazoea.

Pili wale wanaofika mbele yetu na kukosa. Hapa ndo nataka yule kijana wa Kirumba anisikilize hata kama bado hajafika. Nafasi 2, mbele yangu wamepita 9, wawili hawakujiandaa, mmoja alichelewa, waliobaki 6 YEYOTE ANGEFAA. Sisi wenyewe tunajua. Tunaanza kutafuta sababu ndogo ndogo, huyu ameshawahi kutumia ile programu yetu ya uhasibu, huyu yuko tayari kwenda wilayani, huyu kamzidi mwenzake nusu alama kwenye swali la tano. Tunaowaacha wanne tunawaongelea mpaka kwenye chai. Wao wanarudi nyumbani wanajua wamekataliwa, hakuna mtu anayewaambia walikuwa karibu kiasi gani. Hilo limenisumbua kazini kwa miaka yote, na barua zetu za kukataa hazikuwa na nafasi ya kuliandika.

Tatu msibadilishe namba za simu ovyo. Kuna kijana tulimuacha wa tatu, aliyepata akakataa kituo alichopangiwa, tukampigia huyu wa tatu siku mbili namba haipatikani. Tukachukua wa nne. Na kwa upande wa serikali, waliofaulu usaili wakakosa nafasi majina yanakaa kwenye kanzidata, nafasi za kada hiyo zikipatikana wanapangiwa. Nimeona mtu ameitwa akiwa ameshasahau kama aliomba.

#6 Kaka wa Buhongwa

Mzee shikamoo. Hiyo ya wa nne imenigusa. Mimi nimebadilisha laini mara mbili mwaka huu kufuata bando

#7 Mama Wawili Igoma

Marahaba wanangu kama mpo mlionisalimia. Mimi ni mzazi, naomba niseme upande wetu. Mtoto wangu wa kwanza amekaa nyumbani miaka miwili na kitu, na mimi kila asubuhi nilikuwa namuuliza "vipi, majina yametoka?" Nilikuwa naona namjali. Siku moja kaniambia mama naomba uniulize kingine chochote, niulize hata kama nimenywa maji. Nililia siku hiyo. Nikagundua kila nikiuliza namfanya akose upya, ofisi imemkosesha mara moja mimi namkosesha kila siku asubuhi. Toka hapo nikampa kazi ya mahesabu ya genge langu, nauza nyanya na vitunguu, kila jioni tunakaa tunapiga hesabu, na aisee kijana alirudi kuwa mtu. Si kwamba genge ndo ajira, hapana bado anaomba, ila anaamka kuna mtu anamsubiri.

Binti, mwambie mama yako asimuulize kijana mpaka aanze yeye.

#8 Mwalimu Bila Darasa

Nimesoma wote nikasema niandike na mimi. Mwalimu wa sekondari, historia na kiswahili, nimemaliza 2019. Ule usaili wa walimu walioomba walikuwa 201,707 nafasi 14,648, mimi ni mmoja wa hao laki mbili. Nilikosa. Sasa dada hesabu yako inaniambia mtu 1 kati ya 14 hivi, sio mbaya kama TRA, lakini kwa mimi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sisi walimu tulishazoea kwamba ukisoma ualimu kazi ipo, baba yangu alimaliza chuo cha ualimu akapangiwa kituo bila hata kuomba, akaripoti na begi. Kwaiyo mimi nikikosa yeye anaona nimefanya uzembe, hana picha nyingine kichwani. Nimejaribu kumuelezea, ananiangalia tu. Miezi kama mitatu nilikuwa nalala mpaka saa sita mchana, sijisikii kuoga, simu siipokei. Sijui niite nini hiyo hali.

Sasa hivi nafundisha tuisheni Mkolani, watoto 17, nalipwa kidogo sana. Nina miaka 31, matangazo mengi yanasema mwisho 45. Huwa napiga hesabu ya hiyo miaka 14 usiku.

#9 Binti wa Mwaloni

@Mwalimu Bila Darasa asante kwa kuandika hii, nimesoma mara tatu. Hiyo hali ya kulala mpaka mchana ikirudi usibaki nayo peke yako, ongea na mtu, nenda hata hospitali, mimi nilikaa nayo mwaka mzima nikidhani ni uvivu wangu na haikuwa uvivu.

Kuhusu mzee wako. Nadhani tatizo letu kubwa na wazazi ni hili, wao walichomoa kwenye gunia lenye vijiwe vyeupe karibu vyote. Hawadanganyi, kweli ilikuwa ukisoma unapangiwa. Kwaiyo kwao kukosa kulikuwa na maana, aliyekosa kipindi kile kweli alikuwa na shida mahali. Sisi tumerithi ile maana lakini gunia limebadilika. Mimi nilimpeleka mama yangu mwenyewe kuangalia, nilimfungulia faili la majina kwenye simu nikamwambia shusha mpaka mwisho, alishusha mpaka kidole kikachoka, kurasa na kurasa, akaniuliza "wote hawa wamesoma?" Nikamwambia wote wana digrii mama. Akakaa kimya. Hakuniuliza tena kwanini.

Labda mzee wako naye aone ile orodha kwa macho yake, kuliko kuelezewa.

Na watoto 17, naomba usiiweke kwenye mabano. Kwenye wasifu wako andika darasa gani, somo gani, miezi mingapi, waliopanda alama ni wangapi. Mzee wa Nyegezi atanisahihisha.

#10 Mzee wa Nyegezi

Sina cha kusahihisha. Hiyo inasomwa mezani. Tunamuuliza mtu "umekuwa ukifanya nini tangu 2019", mwenye jibu lenye namba ndani yake anasikika tofauti kabisa na anayesema nilikuwa natafuta.

#11 Mkuryo

Niongeze tahadhari moja wakuu, ukikosa sana ndo unakuwa chambo. Alinipigia mtu anasema jina langu lipo ila nilipie laki na nusu "ya kulichomekea". Nilikuwa na hela ya mbegu ya baba mfukoni na nilibakiza kidogo tu niitume. Usaili haulipiwi, hakuna. Mtu akitaka hela kata simu

#12 Dada wa Sengerema

Jamani samahani kuingilia, nimeukuta huu uzi nikitafuta kitu kingine. Nina mchujo hapo Mwanza keshokutwa asubuhi saa moja, mara yangu ya kwanza kuitwa baada ya maombi 26. Tangazo linasema kila mtu anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Nauli ninayo, siku hizi daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa hatusubiri tena pantoni, ila naogopa nikitoka alfajiri gari ikasumbua ntachelewa, na hela ya gesti sina. Wenzangu mnafanyaje?

#13 Mama Wawili Igoma

Mwanangu njoo kesho jioni ulale kwangu, kuna godoro na binti yangu mdogo atakupisha. Niandikie kwa ujumbe wa ndani nikuelekeze. Njoo na kanga ya kujifunika, usiku huku kuna upepo wa ziwani.

#14 Mzee wa Nyegezi

Vyeti halisi vyote, siyo nakala. Cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho. Kalamu mbili. Kama majina yanatofautiana, hati ya majina (kiapo au deed poll, kama tangazo linavyotaka) iwe juu kabisa ya faili usianze kuipekua mlangoni.

#15 Dada wa Sengerema

Mama asante sana, nimekuandikia. Mzee kwenye cheti cha kuzaliwa jina la babu halipo ila kwenye NIDA lipo. Nina kesho mchana tu

#16 Binti wa Mwaloni

Dada panda gari la kwanza kesho, ukifika mjini nipigie namba nakutumia sasa hivi kwa ujumbe wa ndani. Kuna wakili jirani na mahakama huwa anatuandalia hati ya kiapo siku hiyo hiyo, uje na NIDA na hicho cheti. Mimi ntakuwa kazini ila mdogo wangu atakusubiri stendi akupeleke. Nimetoka kumgongea mlango nimemuuliza kama anaweza. Kasema anaweza, na kauliza kama yule sato bado yupo.